Mlio wa Chini ya Sakafu

Zahanati, Mwera
20 Januari 2025

Fundi Sabiri,

Shikamoo.

Hunijui. Naitwa Ernesti, karani wa zahanati hii ya kanisa hapa Mwera. Jina lako nimelikuta chini ya boneti ya gari letu, limeandikwa kwa rangi nyeupe pamoja na barabara yako ya Ngamiani na namba ya simu. Simu nimepiga asubuhi, mchana na jioni. Inaita hadi inakata. Ndiyo maana nakuandikia na kumpa barua Jumbe, konda wa basi la Tanga, ambaye anasema anakufahamu.

Gari ni lile dogo jeupe linalovuta kwa magurudumu yote manne. Tangu dereva astaafu naliendesha mimi. Leseni ninayo, lakini naomba nikuambie ukweli: naliogopa. Siku hizi nikikata kona polepole hapa uwanjani linashikwa, kama mtu amelikamata kwa nyuma, kisha linaguna. Mbali na hilo kuna mlio mwingine, "ko", chini ya sakafu, katikati kabisa, nikitoka rivasi kwenda mbele. Na nikifika mwendo wa wastani barabarani, sakafu inatetemeka hadi nyayo zinawasha.

Sista Imakulata, mkuu wetu, huniuliza kila asubuhi, "Ernesti, gari?" Najibu, "Lipo, Sista." Sijadanganya, lipo. Ila masika yakiingia, akina mama wanaoshindwa kujifungua hapa hawana njia ya kufika hospitali ya Pangani isipokuwa kile kilima cha udongo mwekundu kabla ya kivuko, na kilima hicho hakipandwi kwa magurudumu mawili. Naogopa nimeua gia boksi. Naogopa zaidi siku nitakayokuwa njiani na mtu nyuma, nalo lisimame.

Naomba unielekeze. Nitafanya kila utakaloandika.

Wako mtiifu,
Ernesti


Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu
23 Januari 2025

Mwanangu Ernesti,

Marahaba, marahaba sana.

Gari hilo nalijua kama kofia yangu. Jina nililiandika mwenyewe. Dereva wenu mwandiko wake ulikuwa kama kuku kapita kwenye majivu. Simu iache. Usipige tena. Andika, na uandike herufi kubwa, nisome bila kuazima macho ya watu.

Kwanza, hujaua kitu. Vijana wa siku hizi wakisikia mlio wowote wanakimbilia gia boksi, kama mtu anayeumwa kidole akaomba apasuliwe tumbo.

Una magonjwa mawili, na tuyatenganishe, maana ukiyachanganya utaishia kutibu palipo pazima. La kona: chukua uzi wa kushonea, zungushia kila tairi pale katikati panapokanyaga, kata, kisha nyuzi zote nne uzinyooshe mezani pamoja. La sakafu: tafuta barabara tupu iliyonyooka, fika mwendo ule wa mtetemo, kisha toa gia, liache liteleze lenyewe. Mtetemo ukibaki, injini haina hatia. Ugonjwa uko baada ya gia boksi. Ukiondoka, niandikie vilevile.

Halafu uniambie unasikia nini hasa. Usiniambie "linalia". Mbuzi analia, bi harusi analia. Linalia kama nini?

Wasalaam,
Fundi Sabiri


Zahanati, Mwera
27 Januari 2025

Fundi Sabiri,

Shikamoo.

Uzi niliazima kwa Sista, akadhani nashona suruali. Nyuzi tatu zililingana. Wa nne ulizidi: gurudumu la nyuma, kushoto. Hiyo ndiyo tairi mpya. Nilibadilisha moja tu kwa sababu iliyopasuka ilikuwa moja. Mwongozo wa ofisi unasema kinabadilishwa kilichoharibika tu, na mimi hufuata mwongozo. Sasa nimekaa naitazama tairi ile nzuri kuliko zote na sielewi nimekosea wapi.

Barabarani nilifanya ulivyosema. Nilitoa gia, na mtetemo ulibaki, ukapungua kadiri gari lilivyopungua mwendo.

Linalia kama nini? Swali hilo limenishughulisha kutwa. "Ko" ile ni kama mtu anayeweka kikombe cha bati juu ya saruji, chumba cha pili, na wewe ulidhani nyumba haina mtu. Chumba changu kiko nyuma ya stoo, karibu na jokofu la chanjo, ndiyo maana nafikiria mambo ya vyumba.

Pamoja na barua hii naambatisha nyuzi zile nne, na kadi ya kumbukumbu ya simu niliyorekodia milio yote. Nimetaja kila mmoja kabla haujaanza ili usipate taabu. Mwombe mtu akufungulie.

Wako,
Ernesti


Ngamiani
30 Januari 2025

Mwanangu,

Marahaba.

Kadi yako hiyo nakurudishia. Sijaisikiliza. Nilikwambia andika.

Tairi: magurudumu ya gari la namna hii ni watu wanne waliobeba jeneza moja. Ukimweka mrefu mmoja, mnazozana njia nzima, na kwenye kona ndiyo balaa, maana kila mmoja anataka kwenda hatua yake. Mwongozo wenu uliandikiwa meza na viti. Magurudumu haya yanataka yalingane, hata yakiwa yamechakaa, yachakae sawa. Uzi wako mmoja nimeutumia: nimezunguka nao kwa wauza tairi za mitumba hapa Ngamiani, wakinicheka, hadi nikapata iliyokwisha kama wenzake. Jumbe anayo juu ya basi. Hiyo mpya iweke iwe ya akiba, na siku ukiifunga usiende nayo mbali.

Sasa ingia chini. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, toa gia, na jeki usiiamini hata ikikuapia. Utaona chuma kirefu cha mviringo kimelala kutoka mbele kwenda nyuma. Hiyo ndiyo propela, inapeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Ishike kwa mikono miwili, ipindue huku na huku, uniambie imekazana au inacheza.

Kikombe chako cha bati nimekisikia mpaka huku.

Sabiri


Zahanati, Mwera
4 Februari 2025

Fundi Sabiri,

Shikamoo.

Kadi nimeipokea. Sikukusudia kukukosea adabu. Nilidhani kusikia kwako kutakuwa bora kuliko maneno yangu. Kama kuna jambo niliandika vibaya, naomba radhi.

Tairi imefungwa. Gari lilikata kona uwanjani kimya kabisa. Sista alisimama mlangoni akasema, "Leo limeamka na heri." Nilirudia ile kona bila sababu yoyote.

Chini nako niliingia. Propela inacheza pale inapounganika katikati, na kuna unga mwekundu wa kutu kwenye kiungo. Ukiipindua inagonga. Ni ile ile "ko", ila mkononi ni ndogo na haitishi.

Nilipomaliza sikutoka mara moja. Palikuwa na kivuli, na nilikuwa na kazi ninayoielewa. Watu wa huku ni wema: wananisalimia, naitikia, kisha kila mmoja anakwenda kwake. Kwetu Maramba nyumba yetu ilijaa ndugu hadi nilikuwa nasomea kwenye ghala la mahindi ili nipate utulivu. Nilikuwa naomba utulivu, Fundi. Nimepewa wote.

Samahani, hayo si ya gari.

Ernesti


Ngamiani
7 Februari 2025

Mwanangu,

Marahaba. Hukunikosea. Kadi isahau.

Kiungo cha katikati kimekula msalaba wake, yaani kile chuma chenye mikono minne kinachoiruhusu propela kujikunja. Nitakitengeneza mimi. Piga alama ya rangi pale propela inapofungwa, mbele na nyuma, upande wa propela na upande wa gari, ili irudi ilivyokuwa. Ikirudi vingine itatetemeka upya. Fungua bolti, mpe Jumbe. Akilalamika uzito, mwambie mimi nilimtoboa sikio mama yake arusini. Si kweli, lakini atanyamaza.

Gari litatembea kwa magurudumu ya mbele, hili lenu linaruhusu. Mengine hayaruhusu, kwa hiyo usije ukawa mwalimu wa watu. Na ukae mbali na matope. Nitakurudishia kabla ya masika, inshallah.

Na nani kakwambia hayo mengine si ya gari? Endelea kuandika.

Sabiri


Zahanati, Mwera
17 Februari 2025

Fundi Sabiri,

Shikamoo.

Jumbe ameniambia propela ilifika salama. Gari linatembea, na mtetemo umekwisha.

Lakini nasikitika kukujulisha kwamba "ko" bado ipo. Ni pale pale chini ya sakafu, katikati, nikitoka rivasi kwenda mbele. Imekuwa laini kidogo. Mara nyingine huja mara mbili mfululizo. Nimefikiri ni vyema ujue, kwa sababu uliniambia nikuandikie ninachosikia hasa.

Je, nifanye nini? Nitasubiri maelekezo yako. Jumbe hupita hapa kila siku ya tatu, kama unakumbuka.

Wako,
Ernesti


Ngamiani
21 Februari 2025

Mwanangu,

Marahaba.

Huo mlio wako nimeusoma nikaurudia. Ni mlio mgeni. Katika umri wangu wote wa kulala chini ya magari sijakutana nao. Usiuchezee; wachunguze kwanza watu waliopo unapolia.

Kwa hiyo nijibu: ukilia unakuwa na nani garini? Sista akiwemo unalia? Siku gani unazidi? Na kabla ya kula au baada ya kula? Unakula nini huko, na nani anapika?

Propela bado. Msalaba wa kipimo chake haupatikani mjini. Natafuta.

Sabiri


Zahanati, Mwera
5 Machi 2025

Fundi Sabiri,

Shikamoo. Nakutakia mfungo mwema.

Nimechunguza kama ulivyoagiza. Sista akiwemo haulii. Jumapili ndiyo unazidi, baada ya misa, watu wanaposhuka kwenda makwao na uwanja unabaki na gari na mimi. Napika mwenyewe: ugali, dagaa, siku nyingine mihogo. Nimejifunza kupika kidogo kidogo, maana sufuria ikijaa inanikumbusha nyumbani.

Sista ameanza kutazama mawingu upande wa bahari. Leo ameuliza, "Ernesti, ile propela ya watu?" Nimemwambia fundi anatafuta kifaa. Sitaki kukuharakisha. Najua uko kwenye mfungo. Lakini masika yako karibu, na kuna akina mama watatu ambao tumbo limeshuka.

Ulizungumzia arusi ya mama yake Jumbe. Ulikuwa na miaka mingapi? Naomba uniandikie kuhusu hilo pia, kama una nafasi.

Ernesti


Ngamiani
10 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba.

Arusi ile sikuwepo, nilikuwa nimebanwa na kazi chini ya lori la mkonge, bwana harusi alikuwa analisubiri ili aende. Bi arusi alitaka kunichinja. Siku nyingine nitakuandikia yote.

Mke wangu alifariki mwaka wa juzi. Wanawe wako Dar es Salaam. Adhana ya magharibi naijua kwa kumtazama jirani yangu: akinyanyua kikombe, nami nanyanyua tende. Kisha naifungua barua yako, ya zamani kama mpya haijaja.

Msalaba bado. Endelea kuusikiliza mlio.

Sabiri


Zahanati, Mwera
27 Machi 2025

Fundi,

Mvua haijakatika tangu juzi. Jana Kijakazi, mke wa mkwezi wa minazi hapa jirani, alikuwa na uchungu tangu alfajiri na mtoto hashuki. Sista akasema Pangani, sasa hivi. Tukaenda.

Kilimani magurudumu ya mbele yalizunguka, yakachimba, gari likarudi nyuma kwa ubavu hadi mtaroni. Ya nyuma yalikaa tu kama wageni waliokuja kuangalia. Wanaume walitoka mashambani kusukuma. Mmoja alikuwa anapiga kelele dirishani, "Karani, tia foo wili! Tia foo wili, unangoja nini?" Nami sikuwa na kitu cha kutia.

Mtoto alizaliwa kwenye kiti cha nyuma. Ni wa kike. Alitoka bila sauti. Sista alimsugua, akampuliza, akamgeuza, na muda wote huo hapakuwa na mlio ndani ya gari wala chini yake. Kisha mtoto akalia.

Wako hapa kwetu, wote wawili wazima. Lakini wamebaki akina mama wawili, na mvua inaendelea.

Hakuna "ko", Fundi. Haijawahi kuwepo tangu propela itoke. Nakuomba unirudishie propela, hata kwa msalaba wa zamani, hata wa kuchomea. Na kama hutaniandikia tena baada ya haya, nitaelewa.

Ernesti


Ngamiani
28 Machi 2025

Mwanangu Ernesti,

Marahaba. Barua yako haikuanza kwa shikamoo, nami naitikia vivyo hivyo, kwa sababu ndivyo nilivyojua kwamba umeumia.

Kuhusu mlio, nilijua tangu Februari. Mlio ule hutoka kwenye propela, na propela nilikuwa nayo mimi, nimeiegemeza ukutani karibu na kitanda changu. Chuma kilichoko Ngamiani hakigongi Mwera. Nilicheka sana. Halafu kicheko kikaniishia, nikakuandikia maswali ya chakula, na wewe ukayajibu yote.

Sasa sikia langu. Msalaba niliupata wiki ile ile propela iliposhuka kwenye basi. Nikaufunga, nikaupaka grisi, ukawa unazunguka kama maji. Kila Jumbe alipopita nikamwonyesha kwa mkono: kesho. Niliona propela ikirudi na barua zimekwisha. Nilijiambia masika yatachelewa. Wewe ulizua mlio, mimi nikazuia chuma, na si mlio uliomkwamisha mama yule mtaroni. Sitakwambia tulikosea sote. Mimi ndiye niliyejua kilima kile kinataka nini.

Masikio yangu yamekufa, mwanangu. Lilianza la kulia, mwaka jana likafuata la pili. Magari hayaji tena. Nani ampelekee mlio mtu asiyesikia? Simu yako niliiona ikiwaka na kutambaa mezani, nikaifunika kwa kofia. Kadi yako niliishika mkononi kutwa nzima. Nilikuwa na kila mlio wa gari lako kiganjani na sikuupata hata mmoja, ila ule wa kikombe cha bati, kwa sababu uliuandika.

Hapa barabarani vijana wananiamkia shikamoo na mimi napita. Wanasema Sabiri ameingiwa na kiburi uzeeni. Sijawaambia, naona haya. Ya kwako imeandikwa. Naisoma, na naitikia kwa sauti, peke yangu humu ndani, nikiwa sijui inatoka vipi.

Barua hii inatangulia leo kwa konda mwingine; kesho napanda basi la Jumbe, propela mapajani. Tangu niwe hivi sijawahi kuvuka barabara kubwa, sembuse kivuko, lakini nitakuja. Tutaifunga kabla ya magharibi. Nitalaza kiganja sakafuni, nawe utatia rivasi, kisha mbele. Mkono wangu bado unasikia. Halafu nitamwomba radhi Kijakazi mwenyewe, akinitimua nitatimuliwa.

Usiniite nikishuka. Simama mahali nikuone.

Sabiri


Mwera, kituo cha basi
29 Machi 2025

SHIKAMOO, FUNDI SABIRI.

MIMI NDIYE ERNESTI. Nimeandika kwenye katoni la glavu kwa sababu karatasi ingelowa, na nimelinyanyua tangu basi halijatokea.

Sista yuko garini. Mama wa pili ameanza uchungu, lakini bado kuna saa kadhaa, na spana ziko tayari. Uji wa futari uko jikoni, sufuria kubwa.

Ukiniitikia, itikia kwa sauti, Mzee. Mimi nitaisikia.